Kulipa bili kwa kadi ya mkopo ili kupata pointi: faida ni ya nani?

Kuna swali ambalo limetufikia mara nyingi, kwa simu na kwa ujumbe wa WhatsApp, kutoka kwa waumini wetu waliohamia Marekani. Wanauliza: ni vizuri kulipa umeme, maji, simu na hata nyumba kwa kadi ya mkopo ili kukusanya pointi za zawadi? Wengine wanauliza kabla ya kuanza. Wengi zaidi wanauliza wakiwa wamekwisha kuumia. Na huku nyumbani, Bukavu, Uvira na Goma, tunasikia swali lingine: kama mtoto wetu anapewa zawadi kila anapolipa bili, mbona anasema hana pesa?

Tumeona vema tulieleze jambo hili taratibu. Linagusa pesa za nyumba, linagusa amani ya ndoa, na linagusa pia zile pesa zinazotumwa huku kwa matibabu na kwa minerval ya watoto.

Tuanze na ndugu mmoja. Alizaliwa Uvira, akakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, kisha akapelekwa Kentucky pamoja na mke wake na watoto wanne. Anafanya kazi ya usiku katika ghala. Tulipokwenda kutembelea makanisa ya huko alitupokea kwake siku tatu. Usiku wa pili, watoto wakiwa wamelala, alileta mezani bahasha yenye karatasi za benki akatuambia: "Mchungaji, naomba unisomee hizi, halafu uniambie kama mimi ni mjinga."

Hakuwa mjinga. Kwa miaka mitatu alikuwa amelipa kwa kadi ya mkopo karibu kila kitu cha nyumba: umeme, maji, intaneti, simu yake na ya mkewe, bima ya gari na chakula. Jumla ilikuwa kama dola 1,300 kwa mwezi. Kila dola 1 ilimpa pointi 1, na kila pointi ilikuwa na thamani ya senti 1. Miezi 36 ilimpa pointi 46,800, yaani dola 468. Alikuwa anazitunza kwa ajili ya tiketi ya kuja kumwona mama yake, aliyebaki Uvira na ambaye macho yake siku hizi hayaoni vizuri.

Mwaka wa kwanza na nusu ya wa pili mambo yalikwenda sawa. Kila mwezi aliilipa kadi yote, hakudaiwa hata senti. Kisha baba mkwe wake akalazwa hospitali Bukavu. Pesa za kulipa kadi zilikuwa tayari kwenye akaunti, kama kila mwezi. Akazituma zote. Akajisemea, kadi nitailipa mwezi ujao. Mwezi ujao ukaja na bili zake, na ule uliofuata vilevile, na akaanza kulipa kile kiasi kidogo tu ambacho benki inataka. Alipotuonyesha karatasi, deni lilikuwa dola 3,900, kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka.

Tulichukua kalamu. Asilimia 24 kwa mwaka ni kama asilimia 2 kwa mwezi. Asilimia 2 ya dola 3,900 ni dola 78. Mara miezi sita: dola 468. Tulihesabu mara ya pili tukidhani tumekosea. Pointi alizokusanya kwa miaka mitatu zilikuwa sawasawa na riba anayolipa kwa miezi sita.

Kadi hii inafanya kazi namna gani

Huku kwetu wengi hatujawahi kushika kadi ya mkopo. Mwenye kaunta ya kulipia kabla ananunua umeme kwanza ndipo taa iwake. Anayelipa fakitire ya Regideso kwa M-Pesa au Airtel Money anakatwa ada, wala hapewi zawadi. Kwa hiyo habari ya pointi inasikika kama muujiza.

Kadi ya mkopo si kadi ya kawaida ya benki. Kadi ya kawaida inachukua pesa zako zilizo kwenye akaunti. Kadi ya mkopo inachukua pesa za benki, na wewe unabaki na deni. Mwisho wa mwezi benki inakuandikia taarifa ya deni lote, na sheria ya Marekani ya mwaka 2009 inailazimu kukupa angalau siku 21 tangu kukutumia taarifa hiyo mpaka tarehe ya mwisho ya kulipa. Ukilipa deni lote kabla ya tarehe hiyo, hulipi riba yoyote kwa vitu ulivyonunua. Wenyewe wanauita muda huo kwa neno ambalo sisi wahubiri tunalipenda sana: neema. Ila neema ya benki ina tarehe, na ina sharti ambalo wengi hawalijui. Ukibakiza deni, hata kama umelipa sehemu kubwa, kwa kawaida unapoteza neema yenyewe. Kuanzia hapo kila bili mpya unayoweka kwenye kadi huanza kuhesabiwa riba tangu siku ile ile, mpaka utakapolipa yote na kurudi katika utaratibu. Jambo hili ndilo lililommaliza ndugu yetu. Yeye alifikiri riba inatozwa juu ya deni la hospitali peke yake. Kumbe umeme wa mwezi huo nao ulikuwa unazaa riba, na bima ya gari, na unga.

Na riba yenyewe si ndogo. Katika miaka hii ya karibuni wastani wa riba ya kadi huko umepita asilimia 20 kwa mwaka. Pointi, kwa kawaida, ni asilimia 1 au 2. Mtu anayebakiza dola 1,300 kwa mwezi mmoja tu, kwa riba ya asilimia 22, anadaiwa karibu dola 24. Pointi za mwezi huo, hata zikiwa za asilimia moja na nusu, ni dola 19 na senti 50. Mwezi mmoja wa kuteleza unakula zawadi yake yote na kudai zaidi.

Nani analipa hizo pointi

Hapa tungependa kukaa kidogo, maana waumini wengi hawajajiuliza. Zawadi hizi zina historia: shirika la ndege la American Airlines lilianza kuhesabia abiria wake maili mwaka 1981, na mwaka 1986 kadi ya Discover ikaanza kuwarudishia wateja sehemu ya pesa walizotumia. Wengine wakafuata. Lakini benki haitoi mfukoni mwake.

Unapolipa kwa kadi ya mkopo Marekani, mwenye duka hapokei dola 100 kamili. Hukatwa dola 2 hivi, wakati mwingine 3, na sehemu kubwa ya makato hayo huenda kwa benki iliyokupa kadi. Kutoka humo ndipo zinapotoka pointi zako. Mwenye duka naye si mjinga, anaongeza kidogo kwenye bei, na bei hiyo wanailipa wote, hata yule anayelipa kwa noti. Watafiti wa benki kuu ya Marekani tawi la Boston waliandika mwaka 2010 kwamba kwa wastani familia inayolipa kwa pesa taslimu hupoteza dola 149 kwa mwaka kwa njia hiyo, na familia inayotumia kadi hupata dola 1,133. Mama aliyefika juzi kutoka Nyarugusu au Nakivale, asiye na kadi, anayehesabu noti zake mbele ya mwenye duka, anachangia tiketi ya ndege ya mtu mwenye mshahara mkubwa. Chanzo cha pili ni watu wanaolipa riba, kama ndugu yetu.

Wenzetu walioko Ubelgiji na Ufaransa watashangaa, maana huko zawadi za kadi ni ndogo sana. Sababu ni kwamba tangu mwaka 2015 Umoja wa Ulaya umeweka kikomo: benki ya mwenye kadi ya mkopo haiwezi kupokea zaidi ya asilimia 0.3 ya malipo. Kisima kikiwa kifupi, ndoo haijai.

Hatusemi kwamba mwenye pointi ametenda dhambi. Tunasema ajue zinatoka wapi.

Bili zipi, na zipi hapana

Kuna jambo moja la kweli upande wa wanaopenda pointi. Mtu akienda dukani na kadi ya mkopo huwa ananunua zaidi kuliko akishika noti. Bili ya maji haiko hivyo. Haiongezeki kwa sababu umeilipa kwa kadi. Kwa hiyo, kama mtu ana nidhamu, bili za nyumba ndizo mahali pasipo na hatari kubwa ya kuanzia, kuliko nguo na simu mpya.

Lakini soma kwanza karatasi ya kila kampuni. Wengi wanaopokea kodi ya nyumba kwa kadi huongeza ada, mara nyingi kati ya asilimia 2 na nusu na 3. Dada mmoja alikuwa analipa nyumba ya dola 1,400 kwa kadi, ada ikiwa asilimia 2.9. Ada hiyo ni dola 40 na senti 60. Pointi zake zilikuwa dola 14. Kila mwezi alikuwa anapoteza dola 26 na senti 60, kwa mwaka zaidi ya dola 319, naye alikuwa akitoa ushuhuda kwa wenzake jinsi pointi zinavyoongezeka. Kampuni nyingi za umeme na ofisi za serikali huongeza ada kama hiyo pia. Kampuni za simu kwa upande wao zinaweza kumpunguzia dola kadhaa kila mwezi mteja anayeruhusu bili ikatwe yenyewe kutoka akaunti ya benki. Akitumia kadi ya mkopo punguzo hilo linapungua au linapotea. Linganisha punguzo na pointi. Mara nyingi punguzo linashinda, wala halihitaji kadi yoyote.

Jambo la kutuma pesa nyumbani ni zito zaidi, na tunaomba lisomwe mara mbili. Wako wanaotuma pesa Kongo kwa kadi ya mkopo wakidhani wanapata pointi. Kampuni nyingi za kadi zinahesabu kitendo hicho kama kuchukua pesa taslimu. Maana yake: ada ya papo hapo, mara nyingi asilimia 3 hadi 5, riba inayoanza siku hiyo hiyo bila neema yoyote, na pointi hakuna. Tangu tarehe 1 Januari 2026 serikali ya Marekani inatoza pia kodi ya asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje zikiwa zimelipwa kwa noti au kwa mani oda. Kodi hiyo haimhusu anayetuma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi iliyotolewa Marekani. Kwa sababu hiyo tunasikia watu wakishauriana, "Basi tumieni kadi." Kadi ya kawaida ya benki, sawa. Kadi ya mkopo, hapana. Utakimbia dola 1 kwenye mia na kukutana na dola 5.

Na sadaka? Tumeulizwa pia. Makanisa mengi ya huko yanapokea matoleo kwa intaneti, na ada ya kawaida ni asilimia 2.9 na senti 30 juu yake. Fungu la kumi la dola 100 linafika kanisani likiwa dola 96 na senti 80, na mtoaji anabaki na pointi za dola 1 au 2. Hatuna amri juu ya hilo. Wengine wameamua kuongeza ile ada juu ya toleo lao, wengine wamerudi kwenye akaunti ya benki. Sisi wenyewe, kusema kweli, tungeona haya kupanda ndege kwa pointi za fungu la kumi.

Habari ya kujenga kredi

Wengi wanatujibu: "Mchungaji, bila kadi hatuwezi kujenga kredi." Ni kweli kwamba huko mwenye nyumba na muuza gari huangalia namba inayoonyesha kama mtu hulipa madeni yake. Ila pointi hazihusiki kabisa na namba hiyo. Katika hesabu ya FICO, inayotumika zaidi, asilimia 35 inatokana na kulipa kwa wakati, na asilimia 30 inatokana na kiasi unachodaiwa. Mwenye kadi iliyojaa mpaka juu anaishusha namba yake, hata kama pointi zake ni elfu mia moja.

Kwa anayeanza, kadi ya dhamana inatosha: unaweka kwa mfano dola 200 benki, nao wanakupa kadi ya dola 200. Weka humo bili moja tu, ya simu au ya intaneti, na uielekeze benki ilipe deni lote yenyewe kila mwezi kutoka akaunti yako. Wakimbizi wengi wameanza kujenga kredi kabla hata ya kuona kadi: lile deni la tiketi ya ndege iliyowaleta Marekani, linalorudishwa kidogo kidogo kupitia mashirika kama Church World Service, halina riba, na malipo yake huandikwa kwenye historia ya mkopo. Lipeni hilo kwa uaminifu kwanza.

Kwa upande wetu, kipimo tunachowapa waumini ni kimoja. Siku unapoweka bili kwenye kadi, je, pesa za bili hiyo ziko tayari kwenye akaunti, na hakuna simu kutoka Kongo inayoweza kuzichukua kabla ya tarehe? Nusu ya kwanza ya swali wengi wanaifaulu. Ya pili ndiyo inayotuangusha. Washauri wa pesa wa huko wanaandika kwa ajili ya mtu mwenye mke, watoto wawili na mbwa. Hawaandiki kwa ajili ya mtu ambaye msiba wa Fizi na minerval ya Kamituga viko ndani ya bajeti yake, hata kama hajaviandika. Kwetu sisi pesa iliyolala kwenye akaunti haijalala, inaitwa. Ndiyo maana tunashauri: kama familia inakusaidia na unaisaidia, weka kando kwanza mfuko wa dharura za nyumbani, hata wa dola 500, au ingia likelemba na wenzako. Mfuko huo ukiwa haupo, lipa bili kwa kadi ya kawaida na uache pointi zipite.

Na sisi tuliobaki huku tuna sehemu yetu. Ukisikia mtoto wako ana kadi ya dola 5,000, elewa kwamba hana dola 5,000. Ana ruhusa ya kudaiwa dola 5,000. Ukimwambia "si una kadi?", unamwambia akakope kwa riba ya asilimia 24 ili sisi tufanye sherehe.

Kwa aliyekwisha kuingia katika deni, kwanza aache kuweka bili mpya kwenye kadi hiyo, maana kila moja inazaa riba siku hiyo hiyo. Asome kwenye taarifa yake ile sehemu inayoonyesha atachukua miaka mingapi akilipa kiasi cha chini tu. Sheria ya 2009 inalazimisha iandikwe. Apige simu benki aombe kupunguziwa riba. Wakati mwingine wanakubali. Yapo pia mashirika ya ushauri wa madeni yasiyo ya faida, yaliyo chini ya muungano uitwao National Foundation for Credit Counseling, yanayoweza kuzungumza na benki kwa niaba yake. Ajihadhari na wanaopiga simu wenyewe wakiahidi kufuta deni kwa ada ya mbele. Na amwambie mke wake, au mume wake. Tumekuta nyumba ambazo mmoja alikuwa anaficha bahasha chini ya godoro.

Ndugu yetu wa Kentucky alimwamsha mkewe usiku ule ule. Asubuhi walizibadili pointi zote 46,800 kuwa pesa, wakapunguza deni likabaki dola 3,432. Bili zao sasa zinalipwa moja kwa moja kutoka akaunti. Tulipopita Uvira baadaye tulimtembelea mama yake, na kwa ruhusa ya mwanawe tulimweleza kwa nini safari imesogezwa mbele. Alituuliza pointi ni kitu gani. Tukajaribu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mtoto anaweza kuacha kumtumia zile dola 50 za kila mwezi mpaka deni liishe, maana yeye ana mihogo shambani. Tukapiga simu pale pale, tukampa, tukatoka nje ili wazungumze wawili.